CD Mkononi au Gemu la Kupakua? Vidokezo 10 kutoka Mkula

Saa kumi jioni, kibanda cha gemu pale Mkula. Mtoto ambaye bado ana kaptula ya shule anafungua PS2, anatoa CD, anaipulizia pumzi ya moto, anaifuta kwa pindo la shati huku akiizungusha, anairudisha na kukandamiza kifuniko kwa kidole gumba. Wenzake watano kwenye benchi wako kimya. Kioo cheusi. Bado cheusi. Halafu nyasi za uwanja zinatokea na kelele zinaanza upya. Sarafu yake ya mia mbili imepona.

Nimekaa kwenye benchi lile mara nyingi, ndiyo maana ushauri mwingi kuhusu CD na magemu ya kupakua hauniingii. Umeandikwa na watu wenye intaneti ya waya sebuleni, kadi ya benki mfukoni na duka la gemu mtaa wa pili. Sisi tuko wilaya ya Busega, ukitoka Lamadi kuelekea Bariadi. Mtandao wetu ni wa simu, CD ya maana ni safari ya Bariadi au Mwanza, na hela ya kununulia mashine huonekana pamba ikishauzwa. Kwa hiyo kwa kila gemu nauliza hivi: siku bando likiisha, duka likifungwa au mwenye gemu akibadili mawazo, mimi nabaki na nini?

1. Jua kama unanunua kitu au ruhusa

CD halisi ni kitu. Unaiweka kabatini, unaiuza, unamwachia mdogo wako ukienda chuo. Gemu la kupakua ni ruhusa ya kucheza, na anayeitoa ana masharti yake. Jambo hili halikuwa likisemwa waziwazi hadi juzijuzi. Oktoba 2024 duka la Steam lilianza kumwambia mnunuzi, kabla hajalipa, kwamba anachopata ni leseni; na tangu Januari 1, 2025 sheria ya jimbo la California huko Marekani inawabana wauzaji wa bidhaa za kidijitali waseme hivyo hivyo.

Lakini usiamini kila CD. Mwaka 2014 kampuni ya Ubisoft ilitoa gemu la magari liitwalo The Crew. Watu walilinunua dukani, na boksi lake. Machi 31, 2024 seva zikazimwa, na kwa kuwa gemu lile lilitegemea seva hata ukicheza peke yako, CD zake zikabaki plastiki inayong'aa. Nintendo nayo, kwenye Switch 2 iliyotoka 2025, inauza baadhi ya magemu kwa kadi ambayo ndani yake hamna gemu, mna ufunguo tu wa kulipakua.

Basi ukifika dukani usiishie kuuliza kama ipo CD. Geuza boksi, soma maandishi madogo ya nyuma. Gemu linalolazimisha intaneti kwa kawaida huandikwa pale. Ukiona hivyo, rudisha boksi mahali pake.

2. Piga hesabu ya bando kabla ya bei ya gemu

Gemu kubwa la PS4 kufika GB 50 ni jambo la kawaida, na yapo yanayopita 100. Tuseme bando lako linakugharimu shilingi 2 kwa kila MB. GB 50 ni karibu MB 50,000, yaani shilingi laki moja, na hapo gemu lenyewe hujalilipia. Njoo kwenye muda: kwa kasi ya megabiti 10 kwa sekunde, bila kuyumba, utahitaji saa kumi na moja. Ukiwa na mtandao wa simu, na mvua imekusanyika upande wa ziwa, usitegemee saa kumi na moja za utulivu.

CD ya PS4 inaweza kubeba GB 50 ikafika nazo Mkula ndani ya mfuko wa rambo, bila kuchoma MB hata moja. Mashine huinakili kwenye hadi diski yake, kisha CD inabaki kuwa ufunguo wa kufungulia. Masasisho yatakuja, ni kweli, lakini mashine isipounganishwa na intaneti, magemu mengi yanaanza na kile kilichomo kwenye CD na maisha yanaendelea. Kwa gemu la hadithi la kucheza peke yako, hiyo inatosha kabisa.

3. Umeme ukikatika

Upakuaji uliokatishwa na umeme mara nyingi huendelea ulipoishia, kwa hiyo hapo usiogope sana. Hatari ni umeme kukatika wakati mashine inaandika kwenye hadi diski. Gemu linaweza kuharibika, na kama ulilipakua, bando linaanza upya. Mwenye CD anaiingiza tena, anakwenda kunywa chai, anarudi.

Wa sola ndogo: PS5 ikiwa kazini hula takriban wati 200. PS2 ile nyembamba haifiki 50.

4. Mpira ni CD

Tuseme ukweli, gemu la Mkula ni mpira. Na mpira ndiko maduka ya mtandaoni yametuonyesha tabia yao. Septemba 2023, kampuni ya EA ilipoachana na jina la FIFA na kuleta FC 24, iliziondoa FIFA za nyuma, hadi FIFA 23, kwenye maduka ya kupakulia. Aliyekwisha kulipia alibaki nayo. Ambaye alikuwa anadunduliza hela akainunue mwezi ujao, mlango ulifungwa. CD za FIFA zile zile zinaendelea kupita mkono hadi mkono bila kumwomba mtu ruhusa.

Konami, watengenezaji wa PES, walikwenda mbali zaidi. PES 2021 ndiyo ya mwisho kwa mtindo wa zamani. Septemba 2021 ikaja eFootball, ya bure, haina CD, na inataka mtandao. Kwenye simu yako binafsi ni sawa, ipakue, hupotezi shilingi ya gemu. Kwenye kibanda chenye watoto sita na pedi mbili haifai. Mtandao ukikata dakika ya themanini matokeo ni mbili kwa mbili, utawaambia nini?

Tafuta PES au FIFA ya CD, na usione aibu kuchukua ya miaka ya nyuma. Toleo jipya likitoka, la zamani hushuka bei, na mara nyingi kilichobadilika zaidi ni vikosi. Vikosi PES inakuruhusu kuvihariri mwenyewe. Nimewaona vijana wawili wamekesha wakiitengeneza Simba na Yanga kwenye PS2: jezi kwa jezi, jina kwa jina, herufi moja moja kwa pedi yenye kitufe kimoja kibovu, wakibishana kuhusu rangi ya soksi. Kazi yote ile ya usiku kucha ilikaa kwenye memori kadi ya MB 8, na asubuhi mmoja wao aliining'iniza shingoni kwa uzi. Hakuna seva iliyoweza kuifuta. PES 2014, iliyotoka Novemba 2013, ilikuwa gemu la mwisho la mpira kutolewa kwa PS2, na mashine yenyewe Sony ilikwisha acha kuitengeneza mapema mwaka huo huo. Hapa kwetu bado inachezwa.

5. Usinunue mashine isiyo na mdomo

Ukienda Kariakoo au ukiagiza kwa mtu, utaonyeshwa mashine ya bei nafuu kidogo kuliko nduguye. Iangalie vizuri. Xbox Series S haina sehemu ya kuingizia CD. PS5 ya mwaka 2020 ilitoka kwa sura mbili, moja ina mdomo na nyingine haina. PS5 Pro ya 2024 huja bila mdomo, unanunuliwa kando.

Nafuu ile utailipa baadaye. Mashine isiyo na mdomo inakufunga kwa duka moja tu, la aliyeitengeneza, kwa bei anayoipanga yeye. Hutanunua mtumba, hutaazima, hutauza. Na kama umechukua PS5 nyembamba ya 2023 ukisema mdomo utauongeza pole pole, jua kwamba mdomo ule unapofungwa kwa mara ya kwanza unataka intaneti ili mashine iutambue. Ufungie mjini, uujaribu kwa CD, ndipo upande gari.

6. Akaunti yako ni ya nchi gani?

Tanzania haimo kwenye orodha ya nchi ambazo PlayStation inazihudumia rasmi kwa duka lake la mtandaoni. Watu wengi huligundua hili wakiwa na mashine tayari sebuleni. Dunia nzima ililisikia Mei 2024, pale Sony ilipotaka wachezaji wa Helldivers 2 kwenye kompyuta wawe na akaunti ya PlayStation, na gemu likaondolewa sokoni katika nchi 177 ambazo akaunti hizo hazitolewi. Sony ilirudi nyuma kuhusu sharti la akaunti baada ya malalamiko, lakini somo la ramani lilibaki.

Kwa hiyo wengi wetu hufungua akaunti kwa jina la nchi nyingine, jambo ambalo masharti ya duka hayalitaki na linaweza kukugharimu akaunti. Ukiwa na ndugu Muscat ni nafuu kidogo, kwa sababu Oman imo kwenye orodha. Ila vocha anayokununulia kule inaingia kwenye akaunti ya Oman tu. Ukiwa na akaunti ya Marekani, vocha hiyo ni namba zisizo na kazi. Mwambie akuletee CD akija likizo. CD ya PS4 haichagui nchi, ya Muscat inacheza Mkula. (PS2 na Xbox 360 ni tofauti, hizo zinachagua.) Angalizo moja: ukitaka kununua nyongeza za gemu hilo mtandaoni, lazima ziwe za ukanda ule ule wa CD.

Steam kwenye kompyuta hawana shida na Tanzania. Unalipa kwa kadi ya Visa au Mastercard, hata ile ya mtandaoni inayotengenezwa kupitia huduma ya fedha ya simu.

Na usinunue akaunti ya mtu. Niliwahi kufanya hivyo: muuzaji wa mtandaoni, akaunti yenye magemu manne, bei ya gemu moja. Nilicheza wiki saba. Wiki ya nane nywila ilikuwa imebadilishwa, na namba ya muuzaji haikupatikana tena. Magemu yale hayakuwa yangu hata siku moja, nilikuwa nimekodi bila kujua tarehe ya mwisho. Iliniuma kwa sababu ilikuwa hela ya pamba.

7. CD ya kukopi ni jambo jingine

Tunapojadili CD tujue tunasema ipi. Nyingi zinazouzwa kwa bei ya soda ni za kuchoma. Kuzitengeneza na kuziuza kunakatazwa na Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya 1999, ambayo ofisi ya hakimiliki ya nchi, COSOTA, inaisimamia, na aliyetengeneza gemu hapati hata senti. Hilo peke yake linanitosha.

Ipo na sababu ya kitaalamu. CD halisi imegandamizwa kiwandani. Taarifa zake ni vishimo vidogo ndani ya plastiki. Ya kuchoma inategemea rangi maalumu iliyoungua kwa leza, na rangi hiyo hufa pole pole kwa mwanga na joto. Iache dirishani kwenye jua la mkoa wetu wa Simiyu miezi kadhaa uone. Kuzitofautisha si kazi: igeuze. Ya PS2 halisi ina mgongo wa fedha, au buluu kwa yale magemu madogo ya mwanzo. Ya PS1 ni nyeusi. Ukikuta zambarau, au jina limeandikwa kwa kalamu ya wino mzito, umeshajua.

8. Futa kwa mstari, usizungushe

Yule mtoto wa kibandani alikuwa anafanya kosa ambalo sote tulifundishwa na kaka zetu. Leza inasoma CD kwa kuzunguka. Mkwaruzo unaofuata mzunguko unaharibu taarifa nyingi zilizopangana. Unaokatiza mashine huweza kuuruka. Kwa hiyo futa kutoka tundu la katikati kwenda ukingoni, mstari ulionyooka, kwa kitambaa laini na maji kidogo. Pindo la shati la shule lililoshinda kwenye vumbi la barabarani ni msasa.

Dawa ya meno husaidia CD za zamani mara moja moja kwa sababu inasugua plastiki ya juu. Usiipake CD ya PS4. Zile ni Blu-ray: zina gamba gumu linalostahimili mikwaruzo midogo, lakini taarifa zake zipo milimita 0.1 tu kutoka juu. Kwenye DVD ni milimita 0.6. Mkwaruzo mzito kwenye Blu-ray hauna fundi.

Tunza na upande wa picha. Kwenye CD ya kawaida taarifa ziko chini tu ya picha ile, kwa hiyo ukikwaruza juu umekwaruza gemu.

Na boksi. Jamani, boksi. CD isilale juu ya televisheni.

9. CD inaazimika

Hiki ndicho kidokezo ninachokijali kuliko vyote. Kijijini gemu moja haliwi la mtu mmoja. Linanunuliwa na kijana aliyeuza pamba vizuri, linachezwa na binamu zake, linaazimwa Nyashimo, linarudi na mkwaruzo mmoja, linabadilishwa na la magari, na mwishowe linauzwa Januari ada ya shule ikibana. Kila hatua hapo inataka CD. Gemu la kupakua linakaa kwenye akaunti ya mtu mmoja, halina mlango wa kutokea.

Watu wa mijini huona bei ya kununulia tu. Wewe hesabu na bei ya kuuzia. CD halisi uliyoitunza, na boksi lake, inarudisha sehemu ya hela yako. Ya kupakua hairudishi kitu. Nyumba tatu zenye PS4 zikipatana kila moja inunue gemu tofauti, zina magemu matatu kwa bei ya moja moja.

Mnapoazimana, andikeni. Daftari la kurasa 40 linatosha: jina, gemu, tarehe, na CD ilikuwa na hali gani ilipotoka. Mwenye kibanda mmoja huwa anaigeuza CD mbele ya anayeazima, wanahesabu mikwaruzo pamoja chini ya balbu, anaandika "miwili, mifupi". Ikirudi, wanahesabu tena. Sijaona ugomvi pale.

10. Pale ambapo kupakua kunashinda

Kuna mahali nakubali bila ubishi, nako ni kompyuta. Siku hizi laptop nyingi hazina sehemu ya CD, na maboksi mengi ya gemu za kompyuta yamebeba karatasi yenye namba za kuingizia tu. Hapo pakua, ila chagua duka. GOG wanauza magemu yasiyo na kufuli: unapakua faili la kusakinishia, unalihifadhi kwenye flashi au hadi diski ya nje, na linafanya kazi bila kuuliza mtandao, leo na miaka ijayo. Kwangu mimi hilo ni gemu la kupakua lenye tabia ya CD.

Anza na dogo. Stardew Valley, gemu la kilimo lililotengenezwa na mtu mmoja, Eric Barone, likatoka 2016, linahitaji takriban MB 500. Ni bando la kawaida. Unafyeka shamba, unamwagilia, unafuga kuku, unasubiri msimu. Mama yangu mdogo alilitazama jioni moja kwa dakika kumi, kisha akaniuliza kwa nini mbegu nimezipanda karibu karibu namna ile.

Likiwa kubwa, nenda nalo mjini. Chukua laptop yenye chaji kamili, tafuta mtandao mzuri Bariadi, na ukimaliza usifunge laptop na kukimbilia stendi. Zima data kwanza. Kama ni Steam, iweke kwenye hali ya kucheza bila mtandao. Fungua gemu, cheza dakika tano, hifadhi, funga, fungua tena. Likigoma, uko bado mjini na mtandao upo, lirekebishe. Likikubali mara mbili, panda gari.